Wavuvi wa Kiingereza wa New England na Deni Lao

Msomaji wa tarikhi ya Waingereza waliohamia Amerika ya Kaskazini aghalabu huanza kuelezwa habari za wacha Mungu waliovuka bahari kutafuta uhuru wa ibada. Lakini kabla merikebu Mayflower haijatia nanga mwaka 1620, walikuwa wamekwisha kufika pwani ya New England mabaharia maskini kutoka kusini-magharibi ya Uingereza, ambao hawakufuata dini wala ardhi, bali samaki. Mwaka 1602 Bartholomew Gosnold alikuta huko chewa wa bahari ya baridi, tele kupita kiasi, akaiita rasi moja Cape Cod kwa jina la samaki huyo. Na mwaka 1614 nahodha John Smith, aliyekwenda kisiwa cha Monhegan kwa tamaa ya nyangumi na dhahabu, alishindwa na nyangumi, dhahabu asiione, akarudi kwao na shehena ya ng'onda na ngozi za wanyama.

Katika visiwa vya Monhegan na Damariscove wavuvi walipiga dago msimu hata msimu, wakakutana na wenyeji wa nchi. Samoset, mwenyeji aliyewaendea walowezi wa Mayflower huko Plymouth mwezi wa Machi 1621 akawaamkia kwa Kiingereza, alikuwa amejifunza lugha hiyo kwa wavuvi. Na mwaka uliofuata, njaa ilipowabana walowezi wale, Edward Winslow, mmoja wao, alipanda mashua akaenda kuomba chakula kwa wavuvi hao hao wa Damariscove. Nao, ingawa akiba yao wenyewe ilikuwa haba, walimpa kila mmoja alichoweza na wakakataa kupokea thamani yake. Ukarimu huu naona haujapewa haki yake katika vitabu.

Kazi yenyewe imeelezwa vizuri na John Josselyn, Mwingereza aliyezuru nchi hiyo mwaka 1638 na tena mwaka 1663. Kila mashua ilikuwa na watu wanne: mshika usukani aliyekaa tezi, mwenziwe wa katikati, wa tatu katika omo, na wa nne aliyebaki pwani kuwapikia na kuwatazamia samaki. Watatu wale walitoka alfajiri, wakatega chambo cha samaki wadogo au chaza, wakashusha mshipi wa katani wenye chubwi la risasi hata ukagusa chini, kisha wakauvuta kwa mikono mitupu, pima baada ya pima, katika maji ambayo wakati wa baridi huganda juu ya kamba na juu ya nguo.

Warudipo, hapakuwa na wasaa wa kupumzika. Mmoja alikata kichwa na kutoa matumbo, akitenga maini katika pipa ili yatoe mafuta ya taa. Wa pili alipasua samaki na kuung'oa uti wa mgongo kwa pigo moja la kisu. Wa tatu alitia chumvi, na hapa ndipo palipotakiwa ustadi, kwa kuwa chumvi ikizidi huunguza nyama na ikipungua samaki huoza. Baada ya siku kadhaa samaki alioshwa, akaanikwa juu ya chanja zilizoinuliwa hata kifua cha mtu, nyama ikielekea jua mchana, ngozi ikielekea mbingu usiku ili kuzuia umande. Mvua ya ghafla au jua kali mno liliweza kuharibu kazi ya majuma.

Serikali ya koloni la Massachusetts iliitambua thamani ya kazi hii: mwaka 1639 ilizisamehe kodi mashua na zana za uvuvi kwa miaka saba, na wavuvi wakaondolewa mazoezi ya askari wakati wa msimu. Mwaka 1641 John Winthrop, aliyepata kuwa gavana, aliandika kwamba samaki wakavu wapatao 300,000 walipelekwa sokoni. Na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Uingereza mwaka 1642, vikawapunguza wavuvi waliotoka huko, biashara ikazidi kuwaangukia wakazi wa miji kama Marblehead na Salem.

Samaki walichambuliwa. Ng'onda mzuri alipelekwa Hispania na Ureno. Yule aliyevunjika, aliyeungua au aliyezidi chumvi alipelekwa Barbados na Jamaika, akawa chakula cha Waafrika waliofanywa watumwa katika mashamba ya miwa. Hivyo jasho la mvuvi maskini liliingia katika dhuluma kubwa kuliko aliyotendewa yeye, na haifai mwandishi apite bila kulitaja jambo hili.

Ama mvuvi mwenyewe, alipata nini? Josselyn asema kwamba safari moja iliweza kumpa mtu paundi nane au tisa, ila tajiri alileta chombo kilichojaa mvinyo, ramu na tumbaku, akawaonjesha kidogo, nao wakaacha kazi hata juma zima, ingawa bahari ilikuwa shwari. Siku ya hesabu sehemu yote ya mvuvi ilikwenda kulipa alivyokunywa. Viatu na shati akavichukua kwa karadha, jina lake likaingia katika daftari la tajiri, na deni lilipokua aliweka rehani hata kipande chake cha shamba. Makasisi walimlaumu kwa ulevi na kwa kutokwenda kanisani, wala si kwa uongo: Marblehead, iliyokuwa mji kamili tangu 1649, haikuunda kanisa lake rasmi hata 1684. Lakini lawama hiyo ilimwangukia zaidi mnywaji kuliko muuzaji, nami naona hapo insafu ilikosekana.

Mwaka 1784, kwa shauri la mfanyabiashara John Rowe, baraza la Massachusetts lilikubali sanamu ya chewa ya mti itundikwe katika ukumbi wake, na sanamu ya samaki huyo ingali katika ukumbi wa baraza hilo hata leo. Walimu wanaosomesha tarikhi ya Amerika wanapofika kwenye Mayflower, nawasihi wawaeleze wanafunzi pia habari za wavuvi wa Damariscove na mkate walioutoa bure.