Je, Mwenye Mashine Ampe Mpinzani Gemu Zake?

Najua kwamba katika jarida hili umezoea kuniona upande wa mashairi, lakini mwaka huu nimebanduka kidogo. Nataka kukueleza jambo lililonikosesha usingizi likizo ya Agosti 2025. Ukisema, "Ah, kwani gemu nazo ni za kuandikwa kwa Kiswahili sanifu?" nitakuomba univumilie, maana lilihusu karo yangu.

Kaka yangu ana kibanda cha gemu kule Umoja, si mbali na soko la Mutindwa. Ndani mna PlayStation 4 mbili, televisheni mbili na benchi moja ndefu iliyochakaa. Mechi ni shilingi 20. Ukifungwa unampisha mwenzako. Mamangu alipopata zamu yake katika chama, alimkopesha kaka pesa za kuongeza mashine ya tatu, kwa sharti kwamba zirudi kabla ya shule kufunguliwa Januari. Basi kaka akaniita. "We si ndiye msomi hapa? Soma hiyo maneno yote uniambie. Nichukue Xbox ama PlayStation 5? Na usinibahatishie!"

Yeye mwenyewe moyo wake ulikuwa kwa Xbox, na sababu ilikuwa moja tu: Forza Horizon, ule mchezo wa magari wa Microsoft, ambao ndio wenye Xbox. Hapo ndipo nilipokumbana na swali lenyewe. Je, yafaa mwenye mashine kuuza gemu zake kwenye mashine ya mpinzani?

Kwanza tuielewe biashara hii. Wengi wetu hudhani faida iko kwenye mashine. La hasha! Mwaka 2021, katika kesi kati ya Epic na Apple huko Marekani, afisa wa Microsoft aliieleza mahakama kwamba kampuni yake haijawahi kupata faida kwa kuuza mashine za Xbox zenyewe. Pesa ziko kwenye gemu. Kwa kawaida mwenye mashine hukata karibu asilimia 30 ya bei ya kila gemu inayouzwa katika duka lake, hata kama imetengenezwa na watu wengine kabisa. Kwa hivyo gemu ya nyumbani ni chambo tu. Unanunua mashine kwa ajili yake, halafu unaendelea kukatwa miaka nenda miaka rudi.

Mabingwa wa chambo ni Nintendo. Gemu yao ya Mario Kart 8 Deluxe imeuza nakala zaidi ya milioni 60, na ukiitaka ni lazima uwe na mashine yao. Mwaka 2016 walimwachilia Mario akimbie kidogo kwenye simu, lakini kwa PlayStation hawajamruhusu akanyage.

Sega nao walikuwa na Sonic wao, na zamani hao wawili walikuwa paka na panya. Mashine ya Sega, Dreamcast, ilipokosa wanunuzi wa kutosha, Januari 2001 kampuni ikatangaza kwamba inaacha kuitengeneza. Tangu hapo gemu za Sega zimekuwa zikiuzwa kwenye mashine za wengine, na mwaka 2007 Mario na Sonic wakashindana katika gemu moja ya Olimpiki. Mashine ilikufa ilhali Sonic angali anakimbia!

Microsoft hawakungoja kufika huko. Mwaka 2023 waliinunua kampuni ya Activision Blizzard kwa takriban dola bilioni 69. Sasa wewe fikiria, ukishatoa pesa kama hizo utawauzia watu wa nyumba yako pekee? Februari 2024 walitangaza gemu nne za kupelekwa kwa wapinzani, na Aprili 2025 Forza Horizon 5 ikaingia PlayStation 5. Oktoba mwaka huo ikatangazwa kwamba hata Halo, gemu iliyoijengea Xbox jina, itafuata. Sony wao wanakwenda mwendo wa kinyonga. God of War ya mwaka 2018 ilifika kwenye kompyuta Januari 2022. Lakini likizo hiyo hiyo yangu, Helldivers 2 yao ilianza kuuzwa kwenye Xbox.

Nilipomwambia kaka habari ya Forza, alinyamaza kidogo kisha akasema, "Sasa Xbox nainunulia nini?" Waama, hilo ndilo jibu la wanaopinga, na mgala muue na haki yake umpe. Ukishagawa chambo chote, nani atakuja kwako?

Hata hivyo hapa kwetu tuna mfano wetu. Kabla ya mwaka 2018, ukimtumia mtu wa Airtel pesa kutoka M-Pesa, alipata ujumbe wenye nambari ya siri, akaenda kupanga foleni kwa wakala wa M-Pesa azitoe. Mwaka huo mlango ukafunguliwa, pesa zikaanza kuingia moja kwa moja. Je, M-Pesa ilikufa? Wapi! Bado ndiyo inayoshika sehemu kubwa ya soko. Lakini tusijidanganye: M-Pesa ina wakala kila kona ya mtaa, na hicho hakigawiki. Mwenye mashine ya gemu ana nini kingine cha kumshika mteja? Nintendo wakimtoa Mario, sioni.

Mimi nasema gemu zitoke, ila zikae kwanza nyumbani mwaka mmoja au miwili. Aliye na haraka atanunua mashine. Sisi wengine tutangoja, tumezoea. Huko ng'ambo mashine ni ya nyumba moja. Kwetu Eastlands mashine moja huchezewa na vijana arobaini kwa siku, na gemu ikifungiwa kwenye mashine ya pili, hakuna hata mmoja kati yao atakayeiona, kwa kuwa mwenye kibanda hawezi kununua zote mbili. Aidha, nilikaa kibandani siku tatu nikihesabu: katika kila mechi kumi, tisa zilikuwa za mpira, ule uliokuwa FIFA na tangu 2023 unaitwa EA Sports FC. Wenye mpira huo hawana mashine, kwa hivyo wameuweka kwenye mashine za kila mtu, na ndio unaomlisha kaka.

Kaka alinisikiliza hadi mwisho. Jumamosi akashuka Luthuli Avenue, akarudi na PlayStation 4 nyingine ya mtumba na pedi mbili, na chenji akamrudishia mama mkononi.

"Na Forza?" nikamuuliza.

"Hiyo wacha ikae," akasema, akiwa ameinama anatafuta soketi. "Kwanza tutoe hiyo karo yako."