Hita ya tangi la samaki: wa Dar, kaa na hela yako

Wadau, naulizwa sana: Kariakoo ninunue hita gani ya tangi la samaki? Kwa hapa Dar, hita ya nini jamani! Samaki wengi wa mapambo wanataka maji ya nyuzi 24 hadi 28, na joto letu linatosha, tena Januari linazidi.

Ila ukimnunulia ndugu wa Mbeya au Njombe, sawa, Julai kule si mchezo. Chukua kama wati moja kwa kila lita, volti 220 hadi 240, yenye kujizima yenyewe. Feki zinaua hapo: swichi ikiganda, samaki wanachemka. Ijaribu kwanza siku nzima ndani ya ndoo ya maji, na kipimajoto. Na usitie mkono kabla hujachomoa plagi.