Jiwe la Kambe Halichipui

Msafiri atokaye Mazeras kwenda Kaloleni hupita juu ya mgongo wa vilima, minazi kushoto na kulia. Baina ya minazi hiyo huona misitu iliyojikunyata. Hizo ndizo kaya: Ribe, Kambe, Jibana. Wazee wa Kimijikenda walikataza kukatwa humo hata ufito. Serikali ilianza kuzitangaza kuwa turathi za taifa mwaka 1992, na mwaka 2008 UNESCO ikaziingiza katika urathi wa dunia.

Lakini kinga ya kaya huishia ukingoni mwa kaya. Nilipopita huko, nje ya misitu niliona kilima kimemegwa kama mkate wa mofa. Chini yake malori yapakia mawe, na makuti ya minazi iliyo jirani yamevaa vumbi jeupe.

Jiwe la Kambe ni mtoto wa bahari. Lilijengeka kwa matumbawe na magamba ya viumbe wa majini zaidi ya miaka milioni 160 iliyopita, pwani ilipokuwa huko juu. Likichomwa huwa chokaa au saruji; likisagwa huwa kokoto.

Basi sisi watu wa mijini tusinyooshe kidole upesi. Nyumba zetu, na misikiti yetu, zimekula vilima. Wala siwezi kumwambia kijana wa Kambe aache kibarua kinachomlisha. Sheria ya Madini ya 2016 imegawa mrabaha: asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 wenyeji. Naam, fedha imepata wenyewe. Je, shimo ni la nani?

Mfano tunao karibu. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kazi mwaka 1954, kikaacha uwanda wa mawe matupu. Mwaka 1971 René Haller akaanza kupanda miti humo. Mivinje ikashika. Jongoo wakaletwa wale majani yaliyoanguka, taratibu ukapatikana udongo. Jangwa lile likawa msitu wenye ndege na wanyama.

Mti ukikatwa huenda ukachipua. Jiwe likilipuliwa halichipui. Mtume (s.a.w.) ametufunza kwamba mwenye mche mkononi aupande, hata Kiyama kikiwa kimesimama. Sembuse mchimbaji, ambaye Kiyama chake hakijafika, na shimo lake li wazi mbele ya macho yake?