Ukuta wa Matumbawe na Wi-Fi ya Chumba cha Juu

Nyumba ya mawe ya Lamu, ya Mji Mkongwe wa Unguja au ya Mji wa Kale wa Mombasa ilijengwa ili ndani kuwe na ubaridi na ya wenyewe yabaki kwa wenyewe. Kuta zake za mawe ya matumbawe na chokaa hufikia unene wa nusu mita. Vyumba ni virefu na vyembamba, kwa sababu boriti za mikoko zinazobeba dari zina kikomo cha urefu, mita 2.5 hadi 3 hivi. Kwa hiyo ukitembea hatua chache tu umeshavuka ukuta, halafu mwingine, halafu mwingine. Binadamu hupita mlangoni. Mawimbi ya redio mengi hupasua humohumo ukutani, na kila ukuta hukata chake.

Lawama za Wi-Fi huanzia hapo. Fundi wa kampuni ya intaneti huingiza waya hadi pale ambapo hatahitaji kupanda ngazi, mara nyingi jirani na mlango wa mbele. Anatundika ruta, anaijaribu kwa simu akiwa amesimama chini yake, anaaga. Ghorofa ya pili hakushiki. Mwenye nyumba akienda dukani anaambiwa anunue ruta "yenye nguvu", ile ya antena sita, na akishalipa anakuta chumba cha juu kiko vilevile.

Nguvu haisaidii sana, kwa kuwa mazungumzo ya Wi-Fi ni ya pande mbili. Adhana ya kipaza sauti utaisikia hata ukiwa mtaa wa tatu, lakini muadhini hakusikii unapoitikia. Simu yako ina antena ndogo na betri inayobana matumizi. Sauti yake haipandi eti kwa sababu ruta imekuwa kubwa. Ndiyo maana vistari vya Wi-Fi vinaweza kujaa na bado ujumbe wa WhatsApp ukawa unazunguka tu. Vistari hivyo huonyesha jinsi simu inavyoisikia ruta. Juu ya jinsi ruta inavyoisikia simu havisemi kitu.

Kabla ya kutoa pesa, pima. Zipo programu za bure za simu za Android zinazoonyesha nguvu ya mawimbi kwa kipimo cha dBm, namba yenye alama ya kutoa mbele yake. Kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu. Kando ya ruta utaona -35 au karibu na hapo. Kwa mazungumzo ya video yasiyokatika unataka -67 au bora ya hapo. Ukifika -80, jihesabu huna mtandao, hata kama jina lake bado linaonekana. Kipimo hiki kina hila yake: kila kikishuka kwa 3, nguvu imebaki nusu, kikishuka kwa 10, imebaki sehemu moja ya kumi. Tembea na simu chumba kwa chumba, milango ikiwa imefungwa kama inavyofungwa usiku, na uandike namba. Katika nyumba ya matumbawe usishangae ukuta mmoja ukila 10 na zaidi, na ule ulionyonya mvua za masika ukala kuliko mkavu, maana maji hufyonza mawimbi haya.

Masafa nayo yana tabia zake. Yale ya GHz 2.4, ambayo wimbi lake lina urefu wa sentimita 12 hivi, hupenya kuta vizuri zaidi, lakini ndiko waliko wote: Bluetooth, oveni za maikrowevu, ruta za majirani. Ya GHz 5 yana kasi na nafasi, ila ukuta wa kwanza huyachosha. Nyumba ya namna hii haitaki ruta moja kubwa. Inataka vituo viwili au vitatu vidogo, kila kimoja kikihudumia vyumba vyake, vyote vikiwa vimeungwa kwa waya hadi kwenye ruta ya chini. Kituo kama hicho mafundi hukiita aksesi pointi.

Kile kidude cha kuchomeka kwenye soketi, ripita, mimi sikipendi. Cha bei ndogo kina redio moja: kinasikia, kisha kinarudia kilichosikia kwa redio ileile, na kasi inabaki kama nusu. Isitoshe, watu hukiweka chumbani kusikoshika, nacho kikabaki kurudia mawimbi dhaifu kwa bidii kubwa. Seti za kisasa za mesh, yaani vituo kadhaa vinavyofanya kazi pamoja, ni afadhali, lakini nazo zikiwasiliana hewani bado zina ukuta uleule wa kuvuka. Nyingi zina tundu la kebo nyuma. Litumie.

Kwa hiyo kazi kubwa ni kupitisha kebo. Kebo ya Cat5e inatosha nyumba yoyote ya mjini, kwa kuwa hubeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100. Usikubali ya alumini iliyopakwa shaba; ni rahisi kwa bei, ila hukatika kwenye ncha na hupoteza umeme njiani. Ipandishe kwenye kona ya ngazi au kwenye uwazi wa ua wa ndani kabla hujafikiria kutoboa. Mji Mkongwe wa Zanzibar umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2000 na Lamu tangu 2001, kwa hiyo kutoboa au kutundika waya upande wa barabarani si uamuzi wako na fundi wako tu. Waulize wanaosimamia hifadhi. Ndani ya kebo mna nyaya nane. Kasi ya megabiti 100 hutumia nne, gigabiti hutumia zote. Fundi akibana ncha vibaya, waya mmoja wa kahawia ukakosa kugusa, mtandao utafanya kazi, ila kwa kasi ya megabiti 100, na hakuna atakayejua. Mwambie apime nyaya zote nane kwa testa mbele yako kabla hajakunja vifaa.

Mahali pa kuweka aksesi pointi panahitaji fikra kidogo. Zidaka za ukutani hukaribisha, kwa kuwa kifaa kinakaa vizuri na hakionekani, lakini kidaka kimezungukwa na jiwe pande zote isipokuwa mbele. Iweke juu, wazi, karibu na mlango au dirisha la ndani ambako mawimbi yatapata upenyo. Iepushe na kioo kikubwa, kabati la chuma na tangi la maji. Antena ya fimbo hutoa mawimbi yake ubavuni, na kwenye ncha hutoa kidogo sana, kwa hiyo kuielekeza ncha chumbani kama kidole ni kukinyima chumba hicho. Isimamishe wima ihudumie ghorofa yake. Kama unataka pia kugusa ghorofa nyingine, ilaze moja.

Pasipo na soketi karibu, kebo ileile inaweza kupandisha umeme. Kiwango cha kwanza rasmi cha kufanya hivyo kilitoka 2003, nacho hutumia volti 48 hivi. Vipo pia visanduku vya volti 24 vinavyofanana kwa sura na vile vya 48. Soma kibandiko kabla ya kuchomeka, kwa kuwa kuchanganya volti kunaweza kuunguza kifaa.

Sasa mipangilio, ambapo mambo huharibikia kimyakimya. Kisanduku tunachokiita ruta kina kazi kadhaa ndani yake: kutenganisha mtandao wa nyumbani na intaneti, kugawa anwani za IP kwa simu na kompyuta, kusambaza kwa kebo, na kusambaza kwa Wi-Fi. Aksesi pointi hufanya hiyo ya mwisho peke yake. Ukiwa na ruta ya zamani kabatini unaweza kuigeuza aksesi pointi bila kununua kitu, mradi uinyang'anye kazi mbili za mwanzo.

Hasa ugawaji wa anwani, DHCP. Simu ikijiunga na mtandao hupaza swali kwa wote: nani anagawa anwani hapa? Anayejibu kwanza ndiye anayefuatwa. Nyumba ikiwa na wagawaji wawili, simu moja itapata majibu ya ruta ya kweli na kufanya kazi, na nyingine itaelekezwa kwenye ruta ya pili isiyo na njia ya kutoka. Leo ya mama inashika na ya mtoto haishiki. Kesho kinyume chake. Fundi aliyeitwa atabadilisha kebo, atabadilisha chaji, hataona kitu.

Fanya hivi, ruta ya pili ikiwa bado haijaungwa na ya kwanza. Iunge kwa kebo na kompyuta, fungua kivinjari, andika anwani iliyo kwenye kibandiko chini yake, mara nyingi 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Tafuta kama kuna chaguo la kuigeuza aksesi pointi moja kwa moja. Likiwepo, lichague na sehemu kubwa ya kazi imekwisha. Lisipokuwepo, badilisha anwani yake ya ndani iwe tofauti na ya ruta kuu lakini ya ukoo huohuo. Kama kuu ni 192.168.1.1, hii iwe 192.168.1.2, na hakikisha ruta kuu haimgawii mtu mwingine namba hiyo. Hifadhi, ingia tena kwa anwani mpya, zima DHCP. Kisha lete kebo kutoka kwenye tundu la LAN la ruta kuu uichomeke kwenye tundu la LAN la hii ya pili. Tundu la rangi tofauti lililoandikwa WAN liache wazi. Mafundi wengi huchomeka hapo kwa mazoea, intaneti inapatikana, wanaondoka. Lakini sasa una mitandao miwili, mmoja ndani ya mwingine, na simu ya juu haiioni printa ya chini.

Chaneli ni fupi kueleza. Kwenye GHz 2.4 chaneli zimepishana kwa MHz 5 tu, ilhali kila moja hutumia kama 20, kwa hiyo zisizogongana ni 1, 6 na 11. Chini weka 1, juu 6, na upana ubaki MHz 20 hata kama mashine inakushawishi uweke 40. Kwenye GHz 5 anzia 36 au 44. Baadhi ya chaneli za juu zinatumiwa na rada, na kifaa hulazimika kunyamaza na kusikiliza walau dakika nzima kabla ya kuanza kurusha.

Jina la mtandao na nywila viwe sawasawa kwenye vifaa vyote, pamoja na aina ya ulinzi, ili simu ihame bila kuuliza. Na ni simu inayoamua kuhama, si aksesi pointi. Nyingi zina ung'ang'anizi: zimeshika ya chini, na zitaendelea kuishika hadi chumba cha juu ingawa nyingine iko juu ya kichwa. Dawa yake huwashangaza wanunuzi wa antena sita: punguza nguvu ya kurusha ya kila aksesi pointi, iwe ya kati, simu iione ya chini inafifia na iiachie mapema.

Ulinzi uwe WPA3, au mchanganyiko wa WPA2 na WPA3 kama una televisheni ya zamani. WEP ilishavunjwa tangu 2001, na kifaa kisichojua zaidi ya hapo hakifai kuwashwa. Zima WPS pia, ile njia ya kujiunga bila kuandika nywila. Mwaka 2011 ilionyeshwa kwamba PIN yake ya tarakimu 8 hukaguliwa vipande viwili, kwa hiyo anayebahatisha anahitaji majaribio 11,000 tu badala ya mamilioni. Nywila ya WPA2 inaweza kuwa na herufi 8 hadi 63. Maneno manne yasiyohusiana ni bora kuliko namba ya simu ya baba, ambayo mtaa mzima unayo. Nywila ya kuingilia mipangilio ibadilishwe pia, isibaki ile ya kiwandani.

Wenye nyumba za wageni wasikilize hapa. Ruta ikishageuzwa aksesi pointi, ule "mtandao wa wageni" wake mara nyingi hubaki jina tu: mgeni anaingia kwenye mtandao uleule wenye kamera zako na kompyuta ya mapokezi. Jaribu mwenyewe. Jiunge kama mgeni, kisha fungua ukurasa wa ruta kuu au wa printa. Ukifunguka kwako, unafunguka kwa kila aliyelala hapo. Ikiwa hivyo, nunua aksesi pointi na ruta zinazojua kutenganisha mitandao kwa VLAN. Hapo kubana matumizi hakufai.

Umeme ukikatika, ruta, aksesi pointi na swichi ya mtandao kama unayo, zote zinahitaji betri ndogo ya akiba. Ukiipa ruta peke yake, juu kunabaki kimya.

Mwisho, andika kwenye utepe anwani uliyoipa kila aksesi pointi na uubandike chini yake. Iko siku mtu atabonyeza kile kitufe cha "reset" kwa ncha ya kalamu akidhani anaizima na kuiwasha. Ruta ya zamani itarudi ilivyotoka kiwandani, DHCP itawaka tena, na nyumba itaanza ile hali ya huyu anashika, yule hashiki. Angalia anwani kwenye simu inayogoma. Ikiwa inaanza na 192.168.0 wakati nyumba yako yote ni 192.168.1, umeshajua kisanduku gani cha kuchomoa. Ikiwa zote ni za ukoo mmoja, chomoa aksesi pointi moja moja, simu ijiunge upya, hadi umpate mgawaji wa pili.