Bastola mpya zenye sura ya zamani: umbo ni la karne ya 19, hatari ni ya leo

Bastola inaweza kutoka kiwandani mwaka huu ikiwa na umbo la mwaka 1851: mtutu wenye pembe nane, mpini wa mti, silinda yenye matundu sita na nyundo inayovutwa kwa kidole gumba. Haitumii risasi zenye ganda. Mwenyewe anaipakia kwa mkono: baruti kwanza, kisha tufe la risasi, mwisho fataki. Wazee wengi wa Maniema na Kivu wangeielewa mara moja, maana kimsingi ni gobore iliyofupishwa ikapewa matundu sita.

Silaha za namna hiyo zinauzwa kwa wingi Marekani na Ulaya. Watu wanazinunua juu ya mashindano ya shabaha, juu ya maigizo ya vita vya zamani, ao kwa sababu wanapenda historia. Nyingi zinagharimu dolari mia chache tu, wakati bastola ya asili ya miaka ile inaweza kuuzwa kwa maelfu. Sheria ya shirikisho ya Marekani haidai karatasi ya silaha kwa anayenunua nakala ya namna hiyo.

Hapo ndipo penye mtego. Kongo ni moja ya inchi zilizotoa wakimbizi wengi zaidi waliopokewa Marekani katika miaka kumi iliyopita, na familia nyingi zinaishi sasa katika miji ambako bastola hizo zinauzwa dukani karibu na nyavu za kuvulia samaki na mahema ya kambi. Mtu anaweza kufikiri kwamba kitu kisichoombewa kibali ni mapambo ya ukutani. Lakini risasi inayotoka katika nakala ya bastola ya 1851 inaua kama ile ya mwaka 1851.

Bonde moja la Italia

Sehemu kubwa ya nakala hizo inatoka jimbo la Brescia, kaskazini mwa Italia, hasa katika bonde la Val Trompia. Mji wa Gardone Val Trompia umetengeneza mitutu kwa karne nyingi. Kampuni ya Beretta ina hati ya mwaka 1526 juu ya mitutu iliyouzwa kwa dola la Venezia.

Biashara ya nakala ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950. Marekani ilikuwa inajiandaa kukumbuka miaka 100 tangu vita vyake vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyopiganwa kati ya 1861 na 1865. Mfanyabiashara Val Forgett, mwenye kampuni ya Navy Arms, alitafuta mafundi wa kumtengenezea upya bastola za vita hivyo, akawapata Gardone. Mmoja wao alikuwa Aldo Uberti, aliyeanzisha kampuni yake mwaka 1959. Davide Pedersoli alikuwa ameanzisha yake mwaka 1957. Leo Uberti iko chini ya kundi la Beretta, na Pietta, kampuni nyingine ya Brescia, inashindana nayo katika soko lile lile.

Bastola iliyonakiliwa kwanza ni Colt ya 1851, inayoitwa Navy. Samuel Colt aliitengeneza katika kiwanda chake cha Hartford, na kwa muda mfupi London, hadi mwaka 1873. Silinda yake ilichorwa picha ya mapigano ya meli ya mwaka 1843 kati ya Texas na Mexico, na nakala nyingi zinabeba picha hiyo hadi leo.

Hata hivyo, si kila nakala ni mwaminifu. Colt Navy ya asili ilikuwa na kipimo cha .36, lakini viwanda vinauza pia Navy ya .44, ambayo Colt hakuitengeneza kamwe. Vilevile kuna zenye fremu ya shaba ya manjano badala ya chuma. Zinang'aa na bei yake ni nafuu, lakini shaba ni laini: ikipigwa mara nyingi kwa baruti nyingi, fremu inalegea kidogo kidogo mpaka silinda inacheza.

Anayenunua anaweza kujua alichoshika kwa kusoma alama zilizopigwa kwenye chuma. Kila bastola inayotoka Gardone inapita kwanza katika ofisi ya serikali ya kupima silaha, ambako inapigwa kwa nguvu kupita kiasi cha kawaida. Ikishinda, inapewa alama, pamoja na kodi ya herufi inayoonyesha mwaka. Herufi PN zinamaanisha baruti nyeusi, kwa Kitaliano. Alama hizo zinasaidia pia kumjua mlaghai, kwa sababu kuna watu wanaochakaza nakala kwa asidi, wanafuta herufi, kisha wanaiuza kama bastola ya asili.

Kiwanda kimoja, sheria mbili

Sheria ya Marekani ya mwaka 1968 juu ya silaha inasema kwamba bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 ao kabla ni kitu cha kale, haihesabiwi kama silaha ya moto. Nakala yake inapata nafasi hiyo hiyo, mradi haitumii risasi za ganda za kawaida.

Matokeo yake ni ya ajabu kidogo. Kampuni moja inaweza kutengeneza Colt ya 1851 na Colt ya 1873 katika jengo moja. Ya kwanza inapakiwa baruti kwa mkono, kwa hiyo sheria ya shirikisho inaiacha. Ya pili inatumia risasi za ganda, kwa hiyo mnunuzi anajaza fomu mbele ya muuzaji mwenye leseni, na jina lake linachunguzwa. Kuna pia silinda za pembeni zinazofanya bastola ya baruti ipokee risasi za ganda. Mara tu silinda hiyo inapofungwa, bastola inaacha kuwa kitu cha kale na kuwa silaha mbele ya sheria. Tena kila jimbo lina maneno yake: New Jersey, kwa mfano, inadai kibali hata kwa bastola ya baruti nyeusi inayoweza kupiga.

Ulaya imechagua njia nyingine. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2017 yanaeleza kwamba nakala haina uzito wa kihistoria kama silaha ya asili, na kwamba ufundi wa kisasa unaweza kuifanya idumu na kulenga vizuri zaidi. Kwa sababu hiyo nakala zisiachwe nje ya sheria. Italia yenyewe, inayozitengeneza, inatofautisha: bastola ya risasi moja inayopakiwa kwa mbele ina masharti mepesi, lakini ile ya silinda inahesabiwa kama silaha ya kawaida.

Uingereza ina kumbukumbu yake ya uchungu. Mwezi wa Machi 1996, mtu mmoja aliua watoto 16 na mwalimu wao katika shule ya Dunblane, Scotland. Mwaka uliofuata bastola karibu zote zilikatazwa kwa raia. Zile zinazopakiwa baruti kwa mbele ziliachwa, kwa sababu kuzipakia kunachukua muda mrefu, lakini mwenye nayo sherti awe na cheti cha polisi, na cheti kingine juu ya baruti.

Kuosha siku ile ile

Ukishapiga, baruti nyeusi haiishi yote hewani. Zaidi ya nusu ya uzito wake inabaki kama moshi mzito na masizi magumu. Masizi hayo yana chumvi zinazovuta maji kutoka hewani, na penye maji na chumvi, chuma kinashika kutu. Katika mahali penye unyevu, usiku mmoja unatosha kuacha madoa ndani ya mtutu. Ndiyo maana wapenzi wa bastola hizi wana kanuni moja: kuosha siku ile ile.

Kazi yenyewe haina siri. Kwanza mwenyewe anahakikisha kwamba matundu yote ni matupu na hakuna fataki iliyobaki. Colt inashikwa na kabari ndogo ya chuma inayopita katikati. Kabari ikitoka, mtutu na silinda vinaachana na mpini. Mpini wa mti unawekwa pembeni. Vyuma vinaingia katika maji ya moto yenye sabuni, brashi inapita ndani ya mtutu na ndani ya kila tundu. Vichuchu vidogo vinavyovalishwa fataki vinafunguliwa kwa ufunguo wake na kusafishwa kimoja kimoja, maana kichuchu kilichozibwa kinafanya bastola ikatae kulia.

Baada ya maji kunakuja kukausha, na hapo wengi wanaharakisha. Tone moja likibaki chini ya kichuchu ao karibu na risoti, kutu inaanzia hapo. Vyuma vikishakauka kabisa vinapakwa mafuta kidogo, na meno ya vichuchu yanapakwa grisi ili visigande. Mara chache kwa mwaka inafaa kufungua pia visi za ndani, kwa turnevisi inayoenea vizuri, kwa sababu masizi yanajipenyeza hadi kwenye risoti ya nyundo.

Kwa kulainisha silinda wakati wa kupiga, wengi wanapenda mafuta ya wanyama yaliyochanganywa na nta ya nyuki. Mafuta ya injini yakikutana na baruti nyeusi yanaweza kugeuka kuwa uchafu kama lami, silinda ikakwama kabla ya raundi ya tatu.

Makosa yanayovunja chuma na mkono

Kosa baya kuliko yote ni kutia baruti isiyo nyeusi. Baruti ya risasi za kisasa, ile isiyo na moshi, inazaa shinikizo kubwa sana. Kipimo kidogo tu kinaweza kupasua silinda mkononi mwa mpigaji, hata kama bastola ni mpya na chuma chake ni kizuri. Kiasi kinachoruhusiwa kinaandikwa na kiwanda katika kitabu cha maelekezo, na hakuna sababu ya kukikisia.

Hatari ya pili ni moto kurukia matundu ya jirani. Cheche inapita mbele ya silinda, ao nyuma kupitia fataki iliyolegea, na tundu la pembeni linalipuka likiwa halijafika mbele ya mtutu. Kinga yake ni tatu: tufe la risasi liwe kubwa kidogo kuliko tundu ili likisukumwa liache pete nyembamba ya risasi, grisi ao kitambaa chenye mafuta kifunike tundu, na fataki zikae imara. Baruti nayo haimiminwi moja kwa moja kutoka kopo lake. Inapimwa kwanza katika kikombe kidogo, ili cheche iliyobaki isirudi katika akiba yote.

Uvumilivu huo ndio unaoheshimiwa katika mashindano. Shirikisho la kimataifa la wapigaji wa silaha za kupakia kwa mbele, MLAIC, lililoanzishwa mwaka 1971, lina madaraja tofauti kwa silaha za asili na kwa nakala. Katika michezo yake mingi mpigaji anapewa risasi 13 na dakika 30, na kumi zilizo bora ndizo zinazohesabiwa.

Kongo inaijua baruti hiyo

Mashariki mwa Kongo, silaha za baruti nyeusi si hadithi ya sinema. Misafara ya karne ya 19, pamoja na ile ya Tippu Tip aliyekuwa na ngome Kasongo, ilitembea na bunduki za kupakia kwa mbele. Liège, Ubelgiji, ilizitengeneza nyingi na kwa bei ndogo kwa soko la Afrika. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulikataza kuingiza bunduki bora sehemu kubwa ya bara, lakini uliacha mlango kwa bunduki za jiwe la cheche na baruti ya biashara. Tayari wakati ule, sheria ilikuwa inasema kwamba silaha ya umbo la zamani si hatari sana. Waliochukuliwa utumwa kwa silaha hizo wangejibu vingine.

Leo ordonansi-sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985 ndiyo inayosimamia silaha na risasi Kongo, na mtu haruhusiwi kuingiza wala kushika silaha ya moto pasipo ruhusa. Mkongomani anayeishi ng'ambo na kununua bastola kama hiyo kihalali hawezi kuirudisha nyumbani ndani ya sanduku kama zawadi. Risiti ya duka la Texas ao Ohio haina nguvu mbele ya ofisa wa forodha.

Kinachosahaulika mara nyingi ni kile kinachotokea baada ya mwenyewe kuacha mchezo ao kufariki. Baruti nyeusi iliyokaa pakavu haizeeki haraka. Silaha za karne iliyopita zimekutwa zingali na mzigo ndani, tayari kulia. Kwa hiyo anayerithi bastola ya namna hiyo, ao anayeikuta ndani ya droo ya nyumba aliyopanga, asivute nyundo kwa udadisi na asiwaachie watoto. Aiweke mtutu ukielekea mahali pasipo mtu, aiache, kisha aite polisi ao fundi wa silaha mwenye leseni aje kuangalia kama kuna kitu ndani ya matundu yale sita.