Mizani ya Kahawa na Watumishi Wawili wa Kerneli

Simu ya Android inayopokea pesa za kahawa pale Bwera, karibu na mpaka wa Mpondwe, ina kiini kiitwacho Linux. Kiini hicho, yaani kerneli, Linus Torvalds alianza kukiandika nchini Ufini mwaka 1991, kwa lugha ya C. Ndicho kinachogawa kumbukumbu na kuendesha kioo. Programu ya kawaida ikikosea, hufungwa peke yake. Kerneli ikikosea, simu nzima inaweza kuzimika.

Ndani ya kerneli zimo kazi ndogondogo zinazorudiwa kila wakati, mfano kuuliza: kati ya namba hizi mbili, ipi kubwa? Kuita funksheni ya mbali, yaani kipande cha msimbo kilichoandikwa mahali pengine, kila mara hula muda. Basi C ina watumishi wawili wanaoifanya kazi papo hapo: makro na funksheni ya inlaini.

Makro ni mnakili. Hubandika maneno uliyompa kabla kompaila, programu inayogeuza C kuwa lugha ya mashine, haijaanza kuyachambua, wala haulizi maana yake. Tuseme mnunuzi wa kahawa mjini Kasese ana mizani ya kidijitali. Fundi ameiandikia makro KUBWA(a, b): a ikizidi b, toa a, la sivyo, toa b. Kisha akaandika KUBWA(pima(), 60).

Hesabuni: a imetajwa mara ngapi? Mara mbili! Kwa hiyo pima() nayo inaweza kuitwa mara mbili. Gunia la kwanza ni kilo 64, linazidi 60. Makro inasema, "toa a," na mizani inapima upya. Kumbe gunia limeshashushwa, limepandishwa jingine la kilo 52. Jibu: 52! Tumeomba namba kubwa, tumepewa ndogo kuliko 60.

Funksheni ya inlaini nayo hunakiliwa papo hapo, ila hupima mara moja, huishika 64, ndipo hulinganisha. Tena kompaila huijua aina ya kila kitu inachopewa. Ukiweka maneno mahali pa namba, hukuonya mapema.

Je, makro itupwe? Hapana. Funksheni ya C hufungwa na aina moja ya namba, makro huzipokea zote. Ndiyo maana Linux bado ina makro ya kutafuta namba kubwa, ila imeandikwa ihifadhi kila thamani kwanza, kisha ilinganishe. Inlaini nayo isizidishwe: mwongozo wa waandishi wa Linux unashauri isitumike kwa funksheni yenye zaidi ya mistari 3, maana nakala nyingi huvimbisha kerneli na kuipunguzia kasi.

Mwongozo huohuo unasema kwamba, kwa kawaida, inlaini ni bora kuliko makro inayojifanya funksheni. Nanyi mkianza kuandika C, shikeni hilo: anzeni na funksheni, na makro muiite pale tu funksheni inaposhindwa.