Uteuzi wa Vifaa vya Mazoezi ya Nguvu kwa Fedha Kidogo

Wanachuo wanaporudi kutoka katika mazoezi ya kufundisha, huulizwa habari za vipindi vya elimu ya viungo. Jibu linalorudiwa mara nyingi ni kwamba mazoezi ya nguvu hayakufundishwa kwa sababu shule haina vifaa. Jibu hilo hutolewa kwa nia njema, lakini msingi wake si imara. Hudhaniwa kwamba nguvu za mwili hukaa ndani ya mashine zinazoonekana katika jimu za mijini. Na kwa kuwa mashine hizo ni ghali, basi nguvu nazo ni za wenye fedha.

Dhana hiyo huleta hasara mbili. Kwanza, watoto hukosa sehemu muhimu ya malezi ya miili yao. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unashauri kwamba watoto wa umri wa miaka 5 hadi 17 wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli na mifupa angalau siku 3 kwa wiki, na watu wazima angalau siku 2. Pili, mwalimu anayetaka kufanya mazoezi nyumbani kwake hununua chombo cha kwanza alichovutiwa nacho dukani, na baada ya miezi michache chombo hicho hugeuka kuwa mahali pa kuanikia nguo. Katika makala haya tutajaribu kueleza jinsi ya kuteua vifaa hivyo kwa fedha kidogo, nyumbani na shuleni, na jinsi kazi yenyewe ya kuteua inavyoweza kuwa somo.

Maana ya Mazoezi ya Nguvu

Mazoezi ya nguvu ni kuufanyisha msuli kazi dhidi ya kizuizi, na kukiongeza kizuizi hicho kidogo kidogo kadiri msuli unavyozoea. Kanuni hii ni ya kale, lakini katika tiba ilipata nguvu mpya mwaka 1945, pale daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, alipochapisha maelezo ya jinsi alivyowatibu askari waliojeruhiwa kwa kuwanyanyulisha uzito uliokuwa ukiongezwa kwa hatua. Haba na haba hujaza kibaba, nao msuli hujazwa hivyo hivyo.

Hapa pana jambo la msingi kwa mnunuzi. Msuli hautambui bei ya kizuizi. Kilo 20 za maji katika dumu huvuta kuelekea ardhini sawasawa na kilo 20 za chuma kilichopakwa rangi inayong'aa. Tofauti ya vifaa haimo katika uzito, bali katika urahisi wa kuvishika, urahisi wa kuongeza uzito, uimara na usalama.

Tuanze na Mwendo

Mwalimu mzuri haanzi kuandaa somo kwa kutafuta picha ya kubandika ukutani. Huanza kwa kujiuliza ni jambo gani mwanafunzi alijue. Kadhalika, anayeteua vifaa asianze na duka, aanze na mwendo wa mwili. Miendo mikuu ni mitano: kusukuma, kuvuta, kuchuchumaa na kuinuka, kuinama kwa nyonga na kuinua kitu kutoka chini, na kubeba mzigo huku ukitembea. Kifaa kitakachonunuliwa kijaze pengo katika orodha hiyo. Kama tayari unacho kifaa cha kusukuma, cha pili cha kusukuma si faida. Tafuta cha kuvuta.

Baada ya hapo, kila kifaa kiulizwe maswali manne:

1. Je, kinatumika kwa miendo mingapi?
2. Je, uzito au ugumu wake unaweza kuongezwa kwa hatua ndogo?
3. Je, kwa muda mmoja kinatumiwa na watu wangapi?
4. Je, kikiharibika, fundi wa jirani anaweza kukitengeneza?

Tuipime kwa maswali hayo mashine ya kunyooshea magoti. Ina mwendo mmoja tu, hutumiwa na mtu mmoja, na waya au gurudumu lake likikatika, kipuri hakipatikani kwa urahisi. Tuseme darasa lina wanafunzi 45, na kila mmoja akae kwenye mashine kwa dakika moja na nusu. Wote watamaliza baada ya dakika 67 na nusu, ilhali kipindi ni cha dakika 40. Mashine hiyo, hata ikitolewa bure, hailifai darasa hilo.

Madaraja ya Vifaa

Tunashauri mwalimu apande ngazi ifuatayo, wala asivuke daraja la chini kabla hajalitumia vya kutosha.

Daraja la kwanza ni mwili wenyewe. Pushapu inaweza kuwa nyepesi au nzito bila kutumia hata senti. Anayeanza huweka mikono ukutani; akizoea, juu ya dawati lililo imara; kisha sakafuni; mwisho huinua miguu juu ya benchi. Kuchuchumaa nako huweza kufanywa kwa miguu miwili, au kwa kukanyaga kigoda kwa mguu mmoja.

Daraja la pili ni mwamba wa kuning'inia. Mwili peke yake husukuma vizuri, lakini hauna cha kuvuta. Kwa hiyo fedha ya kwanza itumike hapa. Bomba la chuma juu ya nguzo mbili zilizochimbiwa vema hutosha. Pawepo na mwamba mwingine wa kimo cha kiuno, ili asiyeweza kujivuta juu alale chini yake na kukivutia kifua chake huko huku visigino viko ardhini. Bila mwamba huo wa chini, wanafunzi wengi, wavulana kwa wasichana, watabaki watazamaji.

Daraja la tatu ni madumu na mifuko ya mchanga. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na lita moja ya mchanga mkavu ni takriban kilo 1.6. Kwa hiyo dumu la lita 5 lina kilo 5 likiwa na maji na karibu kilo 8 likiwa na mchanga. Dumu la lita 20 likijazwa mchanga hufikia kilo 32 hivi. Uzito unaweza kuongezwa kwa nusu kilo, jambo ambalo hata vyuma vya dukani aghalabu haviliruhusu. Ila yafaa ikumbukwe kwamba maji yaliyojaa nusu ya dumu huyumba, na humyumbisha mbebaji. Anayeanza apewe dumu la mchanga.

Daraja la nne ni mipira ya ndani ya tairi za baiskeli. Hufungwa kwenye nguzo na kuvutwa, na kadiri unavyorefuka ndivyo unavyokuwa mgumu. Mpira hudhoofishwa na jua na mafuta. Basi uhifadhiwe kivulini, ukaguliwe kabla ya kila kipindi, na wenye mpasuko utupwe, maana ukikatika huweza kuumiza jicho.

Daraja la tano ni vyuma vya zege, na la sita ni vyuma vya kiwandani. Mashine huja mwisho kabisa, kama zitakuja.

Kutengeneza Chuma cha Zege

Chombo hiki kinajulikana sana katika mitaa yetu: bomba lenye kopo la zege kila ncha. Ubaya wake ni kwamba wengi hukitengeneza kwa kukisia, na upande mmoja ukawa mzito kuliko mwingine.

Zege lina uzito wa takriban kilo 2.4 kwa lita. Kopo la rangi la lita 4 litatoa kilo 9.6, na makopo mawili kilo 19.2. Bomba la kawaida la inchi moja lina karibu kilo 2.4 kwa mita. La mita moja na nusu lina kilo 3.6. Jumla ni karibu kilo 23. Uzito huo unamfaa mtu mzima aliyekwisha kuzoea, lakini ni mwingi kwa mtoto. Kwa darasa, tumia makopo ya lita moja, ambayo yatatoa kilo 4.8 bila kuhesabu bomba. Acha wanafunzi wapige hesabu hizo kwanza, kisha wapime kwa mizani na kueleza tofauti watakayoiona. Hapo hisabati, fizikia na kazi za mikono zimekutana katika kopo moja.

Kabla ya kumimina zege, toboa ncha ya bomba na kupitisha misumari minene, ili zege liishike na kopo lisizunguke wala kuchomoka. Simamisha bomba wima katikati ya kopo. Baada ya siku moja au mbili, geuza na umimine upande wa pili. Liweke zege katika unyevu kwa siku 7, na usilitumie kwa kazi nzito kabla ya siku 28. Saruji mbichi huunguza ngozi. Mikono ifunikwe, nayo kazi hiyo isiachiwe watoto wadogo.

Kununua Vyuma Vilivyotumika

Mwalimu atakayeamua kununua vyuma vya kiwandani kwa ajili ya nyumbani atapata nafuu kwa vilivyotumika, maana chuma hakichakai upesi. Kutu ya juu si kasoro kubwa, huondolewa kwa msasa. Ufa ni kasoro. Chuma kirefu kivingirishwe juu ya sakafu tambarare: kikirukaruka, kimepinda. Tena, matundu ya sahani yapimwe. Yapo madogo ya takriban milimita 25 hadi 30, na yapo makubwa ya milimita 50. Anayenunua sahani za tundu moja na chuma cha tundu jingine amenunua mizigo miwili isiyooana. Ni heri pia kupata sahani ndogo nyingi kuliko kubwa mbili, kwa sababu kuongeza uzito kidogo kidogo ndiyo siri ya kazi yote.

Usalama

Wazee walisema, ivushayo ni mbovu. Methali hiyo ni njema kwa msafiri asiye na chombo kingine, lakini haikubaliki kwa chuma kinachoinuliwa juu ya kifua cha mtoto. Unafuu wa bei usiwe unafuu wa uangalizi. Nguzo zitikiswe kila asubuhi. Mtu asilale chini ya uzito bila msaidizi. Na mashindano ya kuona nani atainua mzito zaidi yapigwe marufuku shuleni. Wazazi wengine huogopa kwamba mazoezi haya hudumaza watoto. Uchunguzi wa kitabibu haujaonyesha hivyo pale panapokuwa na msimamizi, uzito wa kiasi na mwendo sahihi. Hatari kubwa imo katika mwendo mbaya na haraka ya kuongeza uzito.

Namna ya Kupanga Kipindi

Darasa la wanafunzi 45 ligawanywe katika makundi 9 ya watu 5, na uwanja upangwe vituo 9: pushapu, mwamba wa chini, madumu, mipira, na kadhalika. Kila kundi likae kituoni kwa dakika 3, na kuhama kuchukue nusu dakika. Kazi yote huchukua dakika 31. Zinabaki 9 za kupasha mwili joto na kuutuliza. Katika kila kituo, mwanafunzi mmoja awe mwangalizi wa mwendo wa mwenzake, kwa kupokezana. Hakuna aliyeketi, na hakuna aliyeambiwa kwamba vifaa havitoshi.

Hitimisho

Tumeona kwamba kuteua vifaa kwa fedha kidogo hakuhitaji werevu wa kibiashara. Kunahitaji kujua mwendo unaotakiwa, kuuliza maswali manne, na kupanda ngazi bila pupa. Shule isiyo na mashine hata moja ina ardhi, nguzo, madumu, mchanga na miili ya wanafunzi. Kinachosubiriwa ni mpango wa mwalimu.

Zoezi kwa wanachuo: Orodhesha vitu vinavyopatikana bila malipo katika eneo la chuo chako ambavyo vinaweza kutumika kwa mazoezi ya nguvu. Kipime kila kimoja kwa maswali manne yaliyotajwa, kisha andaa somo la dakika 40 kwa darasa la wanafunzi 60.